Kuuza, Rehani au Wakfu? Sera za Tabianchi na Riziki ya Mkulima wa Ukunda

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina vifungu vitatu ambavyo aghalabu havisomwi pamoja. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Kifungu cha 69 kinaiagiza dola ijitahidi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba, kwa mkulima wa Ukunda na viunga vyake, ni vigumu kupatanisha kifungu cha chakula na kile cha miti iwapo kile cha lugha kitaachwa kando.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Hali ya anga ni mvua ya leo na jua la kesho. Tabianchi ni mwenendo wa hayo kwa miaka mingi. Mkulima wa Kwale hupanda kwa kuutegemea mwenendo huo: mahindi na kunde masika yanapoanza, kisha hubahatisha tena katika vuli. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikwenda kombo katika maeneo kame ya Kenya, Kwale ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika, na mnamo Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa. Mwishoni mwa mwaka 2023 yakaja mafuriko ya El Nino.

Sera za tabianchi zina mikono miwili. Mmoja hupunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Mwingine humsaidia mtu kustahimili madhara yaliyokwisha kumfikia. Mkulima anauhitaji zaidi mkono huu wa pili, ilhali fedha nyingi za kimataifa huufuata ule wa kwanza. Kenya hutoa sehemu ndogo sana ya gesi hizo duniani. Hata hivyo, mwaka 2020 iliahidi kuzipunguza kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030, na kilimo, hasa ufugaji, ndicho chanzo chake kikubwa. Shamba, basi, limo katika hesabu, apende mwenyewe asipende.

Mfano unaosifiwa sana uko Gazi, mwendo mfupi kusini mwa Ukunda. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, wenyeji wa Gazi na Makongeni wakihifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mapato yamegharimia maji na vitabu vya shule, na mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sifa hizo unastahiki. Lakini tuangalie kwa nini ulifaulu. Mkoko haumei penye muhogo. Hakuna aliyeambiwa ang'oe mahindi yake. Samaki na kaa huzaliana katika mizizi yake, kwa hiyo kuuhifadhi ni kuhifadhi kitoweo. Aidha, waliozoea kukata miti ya kujengea na kuni walipandiwa mivinje iwe badala yake.

Hali hubadilika fikra hiyohiyo inapopanda kutoka pwani kuingia shambani. Si kwamba miti na chakula ni maadui: shamba la kwetu lina minazi juu, mikorosho pembeni, na muhogo na kunde chini, na hakuna aliyengoja mkutano wa kimataifa ili alipange hivyo. Ila miti ikisongamana, mahindi hukosa jua. Mnazi wa kienyeji nao huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na tumbo halina subira hiyo. Sera inayodai miti bila kusema mwenye shamba atakula nini katika miaka hiyo imemtwika yeye gharama yote. Sri Lanka ilijaribu njia ya ghafla mwaka 2021 ilipopiga marufuku uagizaji wa mbolea za kemikali. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kabla mwaka haujaisha marufuku hiyo ikalegezwa.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Muamala wenyewe tumeuita "kuuza hewa ukaa", na watu hufupisha wakasema "kuuza hewa". Mzee mmoja jirani yetu alipolisikia neno hilo aliuliza kama mnunuzi ataizuia isivume kwake. Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kuuza, katika Kiswahili, ni kuachana na kitu. Mwenye mnazi haachani nao. Anaahidi tu kutoukata kwa muda uliotajwa.

Pwani ina maneno mengine. Kuna wakfu: mali husimamishwa isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yakawafaa waliokusudiwa. Neno hili linakaribia, kwa kuwa mti husimama na matunda huliwa. Lakini wakfu ni wa daima, tena hutolewa kwa ajili ya Mungu, si kwa kampuni. Kuna rehani pia, na rehani ya minazi ni jambo la kale kwetu: mkopeshaji hukwea na kuangua hadi alipwe. Ugumu wake ni kwamba anayeweka rehani ndiye mwenye deni. Katika biashara hii aliyeichafua anga ni mnunuzi, na bado mti unaofungwa ni wa mkulima.

Tena pwani mtu aweza kumiliki minazi iliyosimama katika ardhi ya mwenziwe. Hewa ukaa iliyomo shinani ni ya nani kati yao? Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kiwango hicho si haba, lakini hakimwambii mwenye mnazi na mwenye ardhi wagawane vipi.

Mimi ningependekeza "kukodisha". Kila mwenye shamba Ukunda anajua kwamba kukodisha kuna kodi, kuna muda na kuna siku ya mwisho; na anajua kuuliza, kabla hajatia kidole gumba, kama ataruhusiwa kupanda muhogo chini ya mti aliokwisha kuukodisha.