Uwanja wa Ndege wa North Field, Kisiwani Tinian: Historia na Matumizi Yake

Tinian ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki, miongoni mwa visiwa vya Mariana, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 100. Pamoja na udogo wake, mwaka 1945 kisiwa hiki kilikuwa na uwanja wa ndege mkubwa kuliko vyote duniani, nao ni North Field.

Kabla ya hapo Tinian ilitawaliwa na Japani, na sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mashamba ya miwa. Majeshi ya Marekani yaliteremka tarehe 24 Julai, 1944 na kukitwaa kisiwa tarehe 1 Agosti. Vikosi vya ujenzi vilichimba matumbawe, vikayashindilia na kuyatandika lami. Ilipofika Mei 1945, njia nne za kurukia ndege, kila moja ya urefu wa mita 2,600 hivi, zilikuwa tayari. Ndege za mabomu aina ya B-29 zilitokea hapo kuishambulia Japani, umbali wa kilomita 2,400 hivi.

Ama kinachoufanya uwanja huu usisahaulike ni mashimo mawili. Mabomu ya atomiki yalikuwa makubwa mno kupitishwa chini ya ndege. Hivyo bomu liliteremshwa shimoni, ndege ikasogezwa juu yake, kisha bomu likanyanyuliwa kwa mtambo. Ndege ya Enola Gay iliruka usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti, 1945 kwenda Hiroshima, na Bockscar ikafuatia tarehe 9 Agosti, ikaupiga mji wa Nagasaki. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 140,000 wa Hiroshima na zaidi ya 70,000 wa Nagasaki walikuwa wamekufa ulipomalizika mwaka huo.

Baada ya vita, uwanja ulihamwa na msitu ukaufunika. Mwaka 1983 karibu theluthi mbili za kisiwa, pamoja na uwanja huo, zilikodishwa kwa Serikali ya Marekani kwa miaka 50, muda unaoweza kuongezwa kwa miaka 50 mingine. Mwaka 1985 mahali hapo palitangazwa kuwa hifadhi ya historia ya taifa. Aidha, mashimo yale yalifunikwa kwa vioo ili wageni wayaone, na wakaazi waliruhusiwa kupita pasipokuwa na mazoezi ya kijeshi.

Hata hivyo, mwaka 2024 kazi kubwa ya kufyeka msitu na kuzitengeneza upya njia za ndege ilikuwa ikiendelea kwa matumizi ya jeshi la anga la Marekani. Hivyo basi, ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya vita moja bado haijarejea mikononi mwa wakaazi wake.