Tamthilia Iishe Lini?

Msimu wa kwanza wa Prison Break ulipofungwa Mei 2006, wafungwa wanane walikuwa wameshavuka ukuta wa gereza la Fox River, wanakimbia huku askari wako nyuma yao. Michael Scofield, mhandisi aliyejichora ramani ya gereza mwilini kwa tatuu kisha akajifungisha makusudi, alikuwa ametimiza kilichompeleka humo: kumtoa kaka yake Lincoln kabla hajakalishwa kwenye kiti cha umeme. Zilikuwa zimepita sehemu 22, na ahadi iliyobebwa na jina la tamthilia ilikuwa imeshatimizwa.

Lakini tamthilia haikuisha. Msimu wa pili ukawa wa kukimbizana barabarani. Wa tatu ukamrudisha Michael ndani, safari hii katika gereza la Sona nchini Panama. Wa nne ukageuka kuwa vita na kampuni ya siri yenye mkono kila mahali. Mwaka 2009 Michael akafa, kaburi lake likaonyeshwa. Mwaka 2017 ikabainika kwamba hakufa: yuko gerezani Yemen, anapanga tena kutoroka. Ukijumlisha zote, sehemu 90.

Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, hii ni mojawapo ya tamthilia za Marekani zilizosambaa mno kwa diski za kunakiliwa, na baadaye kwa flashi. Mteja alifika kibandani, akataja jina, akajaziwa msimu mzima kabla hata hajamaliza soda. Muulize mtazamaji wa enzi hizo kilichomkaa kichwani, na mara nyingi atakusimulia ya msimu wa kwanza. Atakukumbusha Michael akihangaika kulegeza skrubu moja ya benchi uwanjani, skrubu inachukuliwa na mfungwa mwingine, anaipata kwa taabu, anaisugua sakafuni hadi iwe kifaa cha kufungulia choo cha selo yake. Skrubu moja tu ilitosha kumkosesha mtu usingizi. Kampuni ya siri ya msimu wa nne, pamoja na mabilioni yake, haikuweza hivyo.

Tatizo la kurefusha hadithi iliyokwisha lilionekana mapema. Mwandishi Paul Scheuring alipoipelekea televisheni ya Fox wazo lake mwaka 2003, alikataliwa kwa wasiwasi kwamba hadithi ya kutoroka gerezani haina pumzi ya miaka mingi. Baadaye ikafikiriwa itengenezwe kwa sehemu 14 tu. Ni baada ya Lost na 24 kuthibitisha kwamba watu wako radhi kufuata hadithi moja wiki baada ya wiki ndipo Fox ilipokubali kuifanya tamthilia ya kuendelea. Wasiwasi ule wa kwanza ulikuwa wa haki kabisa.

Maana zipo tamthilia zilizojengwa juu ya swali, na zipo zilizojengwa juu ya mahali. Ya swali humwahidi mtazamaji jibu: watatoroka? Nani muuaji? Watafunga ndoa? Jibu likishatolewa, kilichobaki ni kulifukua na kulizika upya. Ya mahali haina ahadi ya namna hiyo. Inamfungulia mtazamaji mlango wa mtaa, ofisi au hospitali, na kila wiki anaingia mtu mwenye shida yake.

Ndiyo sababu Vioja Mahakamani ya KBC, nchini Kenya, imeweza kuchekesha kizazi baada ya kizazi. Hakimu yupo, mwendesha mashtaka yupo, na kizimbani anasimamishwa mhusika kama Makokha au Ondiek Nyuka Kwota kujibu shtaka ambalo wiki iliyopita halikuwepo. Kesi huanza na kuisha siku hiyohiyo. Aliyekosa mwaka mzima hajapoteza kitu, na wanadamu hawaishiwi makosa ya kushtakiana.

Wamarekani nao walikuwa na M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea. Vita vyenyewe vilichukua miaka mitatu, kutoka 1950 hadi 1953. Tamthilia ilichukua kumi na moja. Hilo halikuwaudhi watazamaji, kwa sababu kilichowarudisha ni ile kambi ya upasuaji na watu wake. Sehemu ya mwisho, Februari 28, 1983, ilitazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100.

Papa Shirandula ya Citizen TV ni mfano wa kipekee, kwa kuwa ilianza na swali ikahamia kwenye mahali bila mtazamaji kuona mshono. Mwaka 2007 kichekesho chake kilisimama juu ya siri ya bawabu ambaye mkewe, Wilbroda, anaamini ana kazi ya maana ofisini. Siri ya namna hiyo haiwezi kubeba miaka. Ila pembeni yake walikuwa wamekua watu kama Otoyo, Njoro na Awinja, kila mmoja na ulimi wake, na wao ndio waliobeba mzigo. Charles Bukeko, aliyekuwa Papa mwenyewe na mhimili wa kazi nzima, alifariki Julai 18, 2020, na safari ya tamthilia ikaishia hapo. Mahali napo pana wenyewe.

Mbona basi tamthilia za swali hurefushwa? Fedha. Kwa miaka mingi televisheni za Marekani zilihitaji takriban sehemu 100 ndipo tamthilia iweze kuuzwa vizuri kwa vituo vingine vya kuirudia kila siku. Mwandishi akimaliza hadithi katika sehemu ya 40, mwenye kituo anahesabu hasara. Wachache hukataa. Jerry Seinfeld alisimamisha tamthilia yake mwaka 1998 ikiwa inaongoza kwa watazamaji nchini mwake, huku akibembelezwa kwa fedha nyingi aendelee. Waingereza John Cleese na Connie Booth waliandika Fawlty Towers sehemu 12 tu, sita mwaka 1975 na sita mwaka 1979, na bado inatazamwa.

Kisa cha Lost ndicho kinachofundisha zaidi. Katika msimu wa tatu waandishi walikuwa wanavuta muda hadi wakatumia sehemu nzima kueleza mhusika wao Jack alichorwa wapi tatuu zake, jambo ambalo hakuna aliyelililia. Tatuu za Michael wa Prison Break zilikuwa ufunguo wa hadithi. Za Jack zilikuwa za kujaza saa. Waandishi wake, Damon Lindelof na Carlton Cuse, wakaking'ang'ania kituo cha ABC kiwape tarehe ya mwisho, na Mei 2007 ikatangazwa: misimu mitatu zaidi, sehemu 48, kisha basi. Kuanzia hapo hadithi ikapata mwendo, kwa kuwa waandishi walijua wanaelekea wapi. Wengi hawakuridhika na mwisho wake wa 2010, lakini angalau ulikuwa mwisho waliouandaa.

Watengenezaji wa tamthilia za Kiswahili nao wanalijua hili kwa vitendo. Maria, iliyotengenezwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilianza Citizen TV mwaka 2019 na kuwafuata watazamaji jioni siku za kazi, ikiwa na swali lake wazi: binti kutoka mtaa wa mabanda, aliyeingizwa katika nyumba ya kitajiri ya kina Hausa, atampata Luwi au hatampata? Kasi ya kila siku hula hadithi haraka, na zipo wiki ambazo njama za wabaya zilizunguka palepale. Hata hivyo ilipofika 2021, ingali inazungumzwa mitaani na kwenye matatu, ikafungwa. Jina lake lingeweza kukamuliwa miaka mingine mitatu. Badala yake Lulu na Rashid wakaleta Zora, yenye wahusika wapya na swali jipya, na baada yake Sultana.