Simu Inapokataa Kuonana na Kompyuta: Kujaribu Programu Golbanti

Programu ya simu hujaribiwa kwanza kwenye simu ya kuigiza, ile inayoendeshwa ndani ya kompyuta ya msanidi, kisha ikahamishiwa kwenye simu halisi. Simu ya kuigiza haipati joto, betri yake haiishi, na mtandao wake ni ule ule wa kompyuta iliyoibeba. Kwa programu itakayotumiwa Golbanti na vijiji jirani vya Delta ya Tana nchini Kenya, majaribio ya namna hiyo hayatoshi.

Eneo hili linajua uzito wa ujumbe wa simu. Baada ya mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, yaliyoua zaidi ya watu mia moja katika Delta ya Tana, shirika la Sentinel Project la Canada lilishirikiana na iHub ya Nairobi kuanzisha huduma ya Una Hakika. Mkazi akisikia uvumi kwamba kijiji fulani kinajiandaa kushambulia, aliweza kuuripoti kwa simu, ukachunguzwa, na jibu likarudishwa kwa watu. Katika kazi kama hiyo ujumbe uliokwama ni hatari ya kweli. Ndiyo maana programu inapaswa kujaribiwa kwenye simu za aina waliyonayo wakulima na wafugaji, na pale pale wanapoishi. Tatizo ni kwamba kazi hiyo mara nyingi hukwama kabla haijaanza: simu imechomekwa, na kompyuta haioni kitu.

Kwenye Android, mawasiliano kati ya kompyuta na simu husimamiwa na chombo kiitwacho ADB. Kina sehemu tatu: amri anazoandika msanidi, seva inayofanya kazi chinichini kwenye kompyuta ikisikiliza lango namba 5037, na programu ndogo ya adbd iliyo ndani ya simu. Yoyote kati ya hizo ikikatika, dalili ni moja: simu haionekani. Wengi hapo hukimbilia kusakinisha upya kila kitu kwenye kompyuta, jambo linalokula bando na saa nzima bila kugusa chanzo. Njia yenye faida ni kuanza chini, kwenye waya, na kupanda hatua moja moja, huku amri ya adb devices, inayoorodhesha simu zinazoonekana, ikiandikwa kila baada ya hatua ili kuona kilichobadilika.

Waya ndio mkosaji wa kwanza. Kebo ya kawaida ya USB ina nyuzi nne: mbili za umeme na mbili za data. Nyingi kati ya zile za bei ya chini zinazouzwa vibandani zina nyuzi za umeme peke yake, kwa hiyo simu inachaji vizuri na kompyuta inabaki kimya. Hakuna mpangilio wowote wa simu unaoweza kutibu hilo. Kebo ipimwe kwa kuhamisha picha moja kutoka simuni kwenda kwenye kompyuta. Ikishindwa, itumike ya kuchajia tu na itafutwe nyingine. Hata kebo nzima hushindwa tundu la chaji likijaa vumbi, kwa sababu plagi haizami hadi mwisho na pini za data hazigusani. Uchafu huo hutolewa kwa kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa, wala si kwa sindano ya chuma. Kompyuta nayo ikiwa inaendeshwa kwa betri inayokaribia kuisha, inaweza kukata umeme kwenye matundu yake ya USB ili kujiokoa, na simu ikawa inaonekana na kupotea. Mahali ambapo umeme ni wa sola, hili lichunguzwe mapema.

Waya ukiwa mzima, hatua inayofuata ni ruhusa. Tangu Android 4.2, menyu ya wasanidi imefichwa: hufunguliwa kwa kugonga nambari ya muundo mara saba kwenye ukurasa wa Kuhusu simu, kisha utatuzi wa USB ukawashwa. Toleo la 4.2.2 liliongeza ulinzi mwingine. Kompyuta hujitambulisha kwa ufunguo wake, na simu humuuliza mwenyewe kama anaiamini. Mpaka akubali, adb devices huonyesha neno unauthorized. Swali hilo hutokea kwenye kioo cha simu, na kioo kikiwa kimefungwa au kimezimika halionekani, msanidi akabaki akihangaika na kompyuta ilhali jibu liko mkononi mwake. Likikataa kabisa kutokea, idhini za zamani zibatilishwe kwenye menyu ile ile, waya uchomolewe na kuchomekwa tena. Kuanzia Android 11, idhini isiyotumika kwa siku saba hufutika yenyewe, hivyo simu iliyokuwa ikifanya kazi safari iliyopita inaweza kuuliza upya.

Neno offline, ambalo adb devices inaweza pia kulionyesha, lina maana tofauti na ile inayodhaniwa. Halihusu intaneti hata kidogo; linasema kwamba seva ya kompyuta na adbd ya simu zimeonana lakini hazielewani. Dawa yake mara nyingi ni kuizima seva kwa adb kill-server na kuiwasha kwa adb start-server. Orodha ikiwa tupu kabisa ingawa waya na ruhusa viko sawa, tatizo liko kwenye mfumo wa kompyuta: Windows huhitaji kiendeshi cha simu husika, Linux huhitaji kanuni inayompa mtumiaji haki ya kugusa kifaa, na Mac haihitaji chochote. Simu za Xiaomi zina swichi ya ziada inayoruhusu programu kusakinishwa kupitia USB, na bila hiyo simu inaonekana vizuri lakini inakataa kupokea programu. Kwa iPhone, mwenyewe hukubali kuiamini kompyuta, na tangu iOS 16 huwasha pia hali ya msanidi.

Njia isiyotumia waya ilirahisishwa na Android 11. Simu na kompyuta huunganishwa kwa tarakimu sita, mradi zote ziko kwenye Wi-Fi moja. Hapa kuna jambo la faida kubwa kwa mahali kama Golbanti: Wi-Fi hiyo haihitaji kuwa na intaneti. Simu ya tatu ikiwasha hotspoti bila hata shilingi ya bando, kompyuta na simu inayojaribiwa zitaonana kupitia kwake. Kikwazo ni kwamba simu nyingi zikigundua Wi-Fi haina intaneti huihama kimyakimya na kurudi kwenye data ya laini. Ziulizapo kama zibaki, zijibiwe zibaki. Tena, lango la muunganisho huu hubadilika kila swichi ya utatuzi usiotumia waya inapozimwa na kuwashwa, kwa hiyo anwani ya jana haitumiki leo. Wi-Fi ya wageni katika hoteli au ofisi nayo mara nyingi huzuia vifaa visionane, na hotspoti ya simu inashinda hapo pia.

Kuna hitilafu nyingine inayochukuliwa kuwa ya waya kumbe siyo. Programu imeingia simuni, imefunguka, lakini inalalamika kwamba haiipati seva yake, ambayo msanidi anaiendesha kwenye kompyuta iliyo kando. Chanzo chake kwa kawaida ni anwani. Ndani ya simu, 127.0.0.1 ni simu yenyewe, si kompyuta, na 10.0.2.2, inayofanya kazi kwenye simu ya kuigiza, haina maana kwenye simu halisi. Amri ya adb reverse tcp:8000 tcp:8000 inamaliza kazi: kila ombi linaloelekea lango 8000 la simu hupitishwa kwenye waya hadi lango 8000 la kompyuta, bila Wi-Fi wala bando. Anayependelea Wi-Fi atumie anwani ya kompyuta kwenye mtandao huo, aielekeze seva isikilize 0.0.0.0, na aifungulie njia kwenye ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Programu zinazolenga Android 9 na kuendelea hukataa pia http isiyosimbwa mpaka ziruhusiwe waziwazi.

Seva ikiwa ya mbali, yenye https, simu za vijijini huleta matatizo mawili ambayo ofisi za Nairobi huyasahau. Simu iliyoishiwa chaji kabisa inaweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita, na ikiwa haijapata mtandao wa kuisahihisha, hukataa cheti cha usalama cha seva kwa kukiona hakijaanza kutumika. La pili ni umri wa simu. Android za kabla ya 7.1.1 hazitambui cheti cha mizizi cha mtoaji wa vyeti Let's Encrypt, na mpango uliokuwa ukizisitiri ulifikia kikomo tarehe 30 Septemba 2024. Mwenye simu ya zamani huona maneno ya kukosa mtandao tu, ingawa mtandao upo. Msanidi anayeandikia Delta ya Tana anawajibika kuzijaribu simu hizo, kwa maana hawezi kumwagiza mkulima anunue nyingine.

Ujumbe wa kushindwa kusakinisha usichanganywe na haya yote. Nafasi ikiwa imejaa, au toleo lililomo limetiwa saini na ufunguo mwingine, simu hukataa hata kama mawasiliano ni mazuri. Na kompyuta ikikwama wakati wa kujenga programu, huenda inatafuta maktaba intanetini. Ijengwe mara moja kwa ukamilifu kwenye mji wenye intaneti, kama Garsen au Malindi, kisha kijijini itumie hali ya nje ya mtandao.

ADB yenyewe haihitaji intaneti popote, kwa hiyo hata rekodi za hitilafu zinaweza kuchukuliwa kijijini. Kumbukumbu za matukio ya simu hukaa kwa muda tu: mistari mipya hufuta ya zamani, na simu ikizimwa sehemu kubwa hupotea. Kwa hiyo hitilafu ikitokea Golbanti, rekodi ichukuliwe hapo hapo kwa adb bugreport, kabla simu haijawashwa upya na kabla haijarudishwa kwa mwenyewe.