Shamba ambalo hata mwenyewe haruhusiwi kuliuza

Ukiwa Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, unafungua geti la shamba, unapita katikati ya kondoo wa watu, unapanda zako mlima. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Unachotakiwa ni kufuata njia, kufunga geti nyuma yako na, kama una mbwa, kumshika kwa kamba.

Mashamba mengi ya huko ni mali ya National Trust. Jina linaweza kukudanganya, lakini hili si shirika la serikali. Ni la hisani, lilianzishwa mwaka 1895 na watu watatu: Octavia Hill, aliyehangaikia makazi ya maskini wa London, mwanasheria Robert Hunter, na kasisi Hardwicke Rawnsley. Walitaka watu wa mijini wapate pa kupumua.

Nguvu yake hasa ilikuja na sheria ya mwaka 1907. Shirika likishatangaza kuwa ardhi fulani haiuzwi, basi imetoka. Viongozi wake wenyewe hawawezi kuiuza wala kuiweka rehani, hata wakiishiwa pesa. Serikali nayo ikiitaka na shirika likakataa, suala linakwenda bungeni. Kwa msomaji wa Pwani, hiyo inakaribia sana wakfu.

Sasa, ardhi inalimwaje?

Hapo anaingia Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za sungura Peter Rabbit. Mwaka 1905 alinunua shamba la Hill Top, na pesa za vitabu zilisaidia. Akaendelea kununua. Alipofariki mwaka 1943 aliacha wosia wa ekari zaidi ya 4,000 ziende kwa National Trust, akiagiza kwamba mashamba yake ya milimani yaendelee kufuga kondoo wa asili wa huko, Herdwick.

Agizo hilo lilikuwa na akili kuliko linavyoonekana. Juu milimani sehemu kubwa haina uzio. Kondoo jike anajua eneo lake, na mwanakondoo analijua kwa kumfuata mama. Ukiuza kundi lote ukaleta jipya, wageni hao watatawanyika hovyo. Ndiyo maana kwenye mashamba mengi ya aina hii kundi linabaki na shamba: mkulima ni mpangaji, anakabidhiwa kondoo anapoingia, na akiondoka anarudisha idadi ileile.

Lakini kondoo hao hao wanakula miche ya miti. Shirika linataka miti zaidi, ili udongo ushike maji na mafuriko yapungue mabondeni. Wapangaji wanaogopa kupunguziwa mifugo, maana ndiyo mkate wao. Sheria ya 1907 inazuia kuuza tu, haisemi kondoo wangapi wakae mlimani.

Ugomvi ulilipuka mwaka 2016, shamba la Thorneythwaite, bonde la Borrowdale, lilipouzwa kwa mafungu mawili. National Trust ilinunua ardhi, nyumba ikaiacha. Shirika lilisema linataka kuitunza ardhi hiyo kwa faida ya mazingira. Wakulima wa jirani walikasirika, na mimi nawaelewa: bila nyumba, huyo wa kuamka usiku kuzalisha kondoo atalala wapi?