Programu moja, kompyuta tofauti: kompaila inavyosaidia hesabu za desimali

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MPANGO wa kuchora ramani za Zanzibar kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ulioanza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi kwa msaada wa Benki ya Dunia na kuwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ulipiga maelfu ya picha za Unguja na Pemba.

Picha za aina hiyo haziwi ramani hadi kompyuta ifanye hesabu nyingi mno za desimali ili kuziunganisha. Hata hivyo, prosesa za kompyuta hazilingani katika kazi hiyo.

Prosesa ya Intel 486SX ya mwaka 1991 haikuwa na sehemu ya hesabu za desimali inayofanya kazi, hivyo programu ililazimika kuzifanya polepole kwa amri nyingi ndogondogo. Prosesa zenye uwezo wa AVX, zilizoingia sokoni mwaka 2011, hushughulikia namba nne za biti 64 kwa amri moja.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa amri za mashine, ikiagizwa kutumia AVX pekee, programu itakayotoka itasimama ghafla katika kompyuta ya zamani. Ikiagizwa kutumia uwezo wa chini, kompyuta mpya itafanya kazi kwa muda mrefu bila sababu.

Tangu toleo la 6 la mwaka 2016, kompaila ya GCC humwezesha mtaalamu kuweka alama moja tu, nayo ikatengeneza nakala kadhaa za sehemu ile ile ya programu. Programu inapoanza, huiuliza prosesa uwezo wake, kisha huchagua nakala inayofaa mara moja tu.

Ni mithili ya mzigo unaotoka Bandari ya Malindi: penye barabara pana hubebwa na gari, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe husukumwa kwa mkokoteni.

Utaratibu huo una gharama. Faili la programu huwa kubwa zaidi, na kila nakala huhitaji kujaribiwa, kwa kuwa baadhi ya prosesa huzidisha na kujumlisha kwa amri moja na kukadiria jibu mara moja badala ya mbili. Tarakimu za mwisho zaweza kutofautiana.

Aidha, uchaguzi huo hauondoi kosa la kutumia namba zisizotosha. Katika longitudo ya nyuzi 39 inakopita Unguja, namba ya biti 32 haiwezi kutenganisha sehemu mbili zilizo karibu zaidi ya sentimita 42 hivi, umbali unaoweza kuzua mgogoro wa mpaka wa kiwanja. Namba ya biti 64 huondoa hofu hiyo.

Njia ya uhakika ni kupitisha picha zile zile katika kompyuta ya zamani na mpya, kisha kulinganisha majibu kabla ramani haijatumika.