Kuunganisha ordinatere na projektere

Projektere nyingi za parokia zetu zina mahali pawili pa kuchomekea waya. Pale pa VGA, pa tangu mwaka 1987, pana vitundu 15, napo papitisha picha tu. Sauti yahitaji waya wake. Pale pa HDMI papitisha vyote viwili. Tusipoangalia mbele, wakatekumeni wataona Mateso ya Bwana wasisikie neno.

Tuchomeke waya, tuwashe projektere, kisha ordinatere. Ukuta ukibaki mtupu, tubonyeze pamoja vifungo Windows na P, tuchague «Dupliquer».

Filamu ikiisha, watu hukimbilia kuzima mashini ya umeme. Sivyo! Projektere ya taa sharti izimwe kwa kifungo chake, upepo wake uzunguke mpaka taa ipoe. Taa mpya hutoka mbali.