Herufi PK na Waraka Usiofunguka

Mteja anafika kwenye duka la steshenari na flashi yake, anataka barua ichapishwe. Kompyuta ya duka ina Microsoft Word ya mwaka 2003. Faili likifunguliwa, badala ya barua vinajitokeza visanduku na alama zisizosomeka, na mwanzoni kabisa zimekaa herufi mbili: PK. Mara nyingi mteja huyo huambiwa kwamba faili limeharibika au limeingia virusi, aende akaandike upya. Ushauri huo unampotezea mtu kazi yake bila sababu, kwa kuwa kwa kawaida faili kama hilo ni zima, na herufi PK ndizo dalili ya kwanza ya uzima wake.

Herufi hizo ni za jina la Phil Katz, Mmarekani ambaye mwaka 1989 alitoa programu ya kubana mafaili iitwayo PKZIP. Mpaka leo mafaili ya zip huanza na alama yake. Waraka wa Word ambao jina lake linaishia na .docx ni faili la zip. Ukiufungua kwa ndani utakuta folda na mafaili madogo madogo: maandishi yamewekwa kwenye faili moja, mitindo ya vichwa na aya kwenye jingine, na picha zina folda yao peke yake. Excel na PowerPoint zinafuata utaratibu huohuo katika .xlsx na .pptx.

Mwanzo haikuwa hivyo. Kuanzia Office 97 hadi Office 2003, Word iliandika mafaili ya .doc, ambayo yaliumbwa kwa ajili ya kompyuta zenye kumbukumbu ndogo. Kila kitu kilishikamanishwa kwa namba ambazo programu yenyewe ndiyo ilijua mpangilio wake. Office 2007 ilipoingia madukani Januari 2007, Microsoft waliacha mpangilio huo na kuufanya ule wa zip kuwa wa kawaida. Word 2003 ilikuwa imeshatoka miaka kadhaa kabla. Haikufundishwa kufungua kifurushi cha namna hiyo, kwa hiyo inajaribu kusoma data iliyobanwa kana kwamba ni maandishi ya kawaida, na matokeo yake ni vile visanduku.

Ndiyo maana kubadilisha jina kutoka .docx kuwa .doc hakusaidii kitu, ingawa nimewaona watu wengi wakijaribu. Jina linabadilika, yaliyomo yanabaki yaleyale. Lakini jina likibadilishwa kuwa .zip, mambo huwa tofauti, na hapa pana njia ya kuokoa kazi ambayo ningependa kila karani aijue. Tengeneza nakala ya faili, nakala hiyo uipe mwisho wa .zip, kisha ifungue. Hata Windows XP ina uwezo huo bila kuongezewa programu yoyote. Ingia kwenye folda iitwayo word. Ndani yake, folda ya media ina picha zote zikiwa kamili, na faili la document.xml lina maneno ya mwili wa waraka. Lifungue kwa programu ya kuperuzi intaneti au kwa Notepad. Maneno yatakuwa yamezungukwa na alama nyingi za mpangilio, na majedwali yatakuwa yamevurugika, lakini hotuba, barua au ripoti ya mtu itasomeka na kunakilika. Nakumbusha: fanya hivyo kwenye nakala, faili halisi usiliguse.

Microsoft wenyewe walitoa bure kiunganishi kilichoitwa Compatibility Pack, kilichoziwezesha Office 2000, XP na 2003 kusoma mafaili mapya. Walikiondoa mwaka 2018. Bado kinazunguka kwenye tovuti za watu wengine, nami simshauri mtu akichukue huko: programu iliyopakuliwa kutoka kwa mtu usiyemjua inaweza kuja na mengine usiyoyaomba.

Hata enzi zake, kiunganishi hicho hakikurudisha kila kitu. Milinganyo ya hisabati iliyoandikwa kwenye Word mpya iligeuzwa picha kwenye Word 2003. Mwalimu aliyetaka kurekebisha namba moja tu kwenye swali la mtihani hakuweza. Ukurasa ulionekana sawa, ila ulikuwa umepoteza uhai wake. 

Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Programu inayokataa kufungua faili inakusumbua, lakini angalau inakuambia ukweli. Inayonitia hofu ni ile inayofungua, inaonyesha kitu kinachofanana na waraka wako, kisha inaacha sehemu nje bila kusema neno.

Uingereza walilionja jambo hili mwaka 2020, katikati ya janga la UVIKO-19. Taasisi ya afya ya umma ya England, Public Health England, ilikuwa inapokea matokeo ya vipimo kutoka maabara na kuyaingiza kwenye Excel ili yaunganishwe na mfumo mkuu. Violezo walivyovitumia vilikuwa vya .xls, mpangilio wa zamani. Jedwali la .xls lina mistari 65,536 basi, kwa kuwa namba ya mstari ilitengewa biti 16 tu. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hivyo kiolezo kimoja kilibeba watu kama 1,400. Kilipojaa, waliobaki waliachwa nje. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, watu 15,841 waliokutwa na virusi hawakuingia kwenye hesabu za kila siku. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati, katika ugonjwa ambao kila siku ilikuwa na uzito wake. Jedwali la .xlsx lina mistari 1,048,576. Nalo lina mwisho, na wataalamu walisema kwa haki kwamba kazi ile ilihitaji hifadhidata na si Excel. Hata hivyo, kilichofika kikomo siku zile ni mpangilio uliokuwa umepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwa ofisi ndogo isiyo na fedha za leseni mpya, ushauri wangu ni LibreOffice. Ni bure, inafungua .docx, .xlsx na .pptx, na inatoka kwenye ukoo wa OpenOffice, programu ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Jambo OpenOffice yenyewe haitafungua .docx, maana ilitangulia mpangilio huo. Programu huria nazo huzeeka. Kompyuta ambayo bado ina Windows XP itaishia LibreOffice 5.4, kwani 6.0 na kuendelea zinataka angalau Windows 7. Tarajia pia kurasa kusogea kidogo pale ambapo fonti ya Calibri haipo. Fonti ya Carlito, ambayo ni bure, ina herufi zenye upana uleule, na hurudisha mistari mahali pake.

Office 2003 haipewi tena marekebisho ya usalama tangu Aprili 8, 2014. Duka linaloingiza flashi za watu kila siku lisiitumie kufungulia mafaili ya wateja. Anayetaka kuchapisha tu aje na PDF, na aitengeneze kwenye kompyuta au simu ileile aliyoandikia.

Na kama ofisi yako ina Excel mpya, usidhani umeshasalimika. Violezo vya zamani huhama pamoja na mafaili mengine, kutoka kompyuta hadi kompyuta, na England walikwama kwa violezo. Kujua ni rahisi: fungua jedwali unalolitegemea, simama kwenye safu tupu, bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na mshale wa chini. Ukifikishwa mstari wa 65,536 na kugota hapo, uko kwenye mpangilio wa zamani. Lihifadhi upya kama .xlsx, lifunge, kisha lifungue tena, kwa sababu mistari mipya haiongezeki mpaka faili lifunguliwe upya.